Kitanzi cha Herufi K: Maisha ya Marehemu Rafaeli Masatu Kwangu

Marehemu Rafaeli Masatu Kwangu alizaliwa tarehe 12 Machi 1948, kata ya Buswahili, mtoto wa tatu wa Mzee Kwangu, mfugaji, na Mama Dorotea.

Alisoma shule ya msingi Kiabakari, kisha sekondari Musoma mjini, akamaliza mwaka 1967. Ikiokotwa karatasi isiyo na jina darasani, aliitwa Rafaeli autazame mwandiko aseme ni ya nani. Hakukosea.

Mwaka 1969 aliajiriwa serikalini Dar es Salaam, akafundishwa kuchunguza maandishi yanayobishaniwa: barua za vitisho, wosia, sahihi za kughushi. Nyumbani, watoto wake hawakuthubutu kuighushi sahihi yake kwenye ripoti ya shule.

Kazini alikosea mara moja, na mwenyewe alipendaga kuisimulia. Mwaka 1983, bidhaa zikiwa adimu, Pelagia, mama mmoja wa kijiji cha ziwani huko Bunda, alishitakiwa kwa kuandika barua ya uongo iliyotumika kuchukua katoni za sabuni kwenye duka la ushirika. Alikuwa na mtoto anayenyonya. Marehemu alikuwa ameshaandika kwamba mwandiko ni wa Pelagia, kwa sababu ya kitanzi kwenye mguu wa herufi k. Alipofika Musoma kutoa ushahidi, Pelagia alimwambia nje ya mahakama, "Baba, hiyo k siyo yangu peke yangu. Kijiji kizima tunaandikaga hivyo."

Neno hilo lilimkaa moyoni. Aliomba kesi iahirishwe, akapanda basi hadi kijijini kwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, Hyasinta Gati.

"Hiyo k nimewafundisha mimi," mwalimu alisema. "Watu sitini. Utawafunga wote, au unaanza na mimi?"

Karatasi hazikuwepo, kwa hiyo wanafunzi wote waliandika sentensi moja kwenye mifuko ya saruji iliyochanwa. Marehemu aliisoma kwa lenzi siku mbili. Pelagia aliinua kalamu kabla ya kufunga kitanzi. Aliyeandika barua hakuinua, na mkono huo ulikuwa wa mtunza ghala wa duka hilo, mwanafunzi wa darasa lilelile. Marehemu alisimama mahakamani akasema, "Nilikosea," akijua kazi yake ingeweza kuishia hapo. Haikuishia. Pelagia alirudi kwa mtoto wake.

Tarehe 7 Julai 1984 alifunga ndoa na Mwalimu Hyasinta. Alipoulizwa kwa nini alirudi kijijini mara tatu kesi ikiwa imekwisha, alijibu kwamba uchunguzi ulikuwa haujakamilika.

Mwaka 1994 alipunguzwa kazini, akaja Mwigobero, hapa Musoma mjini, na mashine ya chapa, akawa anawaandikia watu barua. Alisema aliifurahia zaidi kazi hiyo, maana mwenye barua alikuwa amekaa mbele yake.

Kisukari kilimwanza mwaka 1997. Macho yalipofifia, aliwatambua watoto wake kwa mlio wa penseli zao kwenye daftari. Alifariki tarehe 3 Agosti 1999, saa nne asubuhi, nyumbani, mkewe akimsomea barua.

Ameacha mjane na watoto wanne: Jeska, Boniphace, Wegesa na Matiko.

Jina lililo kwenye msalaba wake ameliandika Mama Pelagia kwa rangi nyeusi. Alipofika kwenye kitanzi cha K, aliinua brashi kwanza.

Mungu ampe pumziko lenye amani.