Mahindi Yasiyo na Baba

Benchi letu liko ubavuni mwa ghala la nafaka, upande wa kivuli, hatua chache kutoka kwenye mzani wa malori. Mzani ni kazi yangu mimi Twyla, na kahawa pia, kwa sababu siku niliyomwachia Redio aipike tulikunywa lami. Hapa Iowa mwezi wa Julai mkulima hana kazi kubwa. Mahindi yanachanua, naye anazunguka na gari polepole kuyaangalia ya wenzake na kuyasema. Mtu kwetu hupimwa kwa mistari yake. Ukiacha magugu karibu na barabara, Jumapili kanisani utaulizwa kama unaumwa. Asubuhi hiyo walikuwa watatu kama kawaida. Alikuwepo Delmar, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kumzimia. Alikuwepo Gaylen, au Shemasi, mpitisha sahani ya sadaka. Na alikuwepo Arlo Tjaden, miaka sabini na tisa, jina lake Kamba, maana mistari yake imenyooka utadhani alipanda kwa kamba. Kamba alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

REDIO: Shati la kwenda kuposa hilo! Nani mwenye bahati mbaya?

KAMBA: Nina mgeni. Dokta Haugland, yule wa mbegu wa chuo kikuu, anakuja kuyaona mahindi ya baba.

SHEMASI: Si ulisema mbegu zilikufa?

KAMBA: Zangu zilikufa zote, friza ilipozimika siku za ule upepo mkali uliokata umeme. Zilizopona ni alizokuwa nazo yeye. Sasa kastaafu, chuo kimempokonya shamba la majaribio, kaja kupanda nyuma ya nyumba yangu. Miche arobaini. Akiba hakuna tena, Shemasi. Wiki hii inachanua. Tukikosa wiki hii, baba atakuwa amekufa mara ya pili.

Nilimwangalia. Kamba si mtu wa maneno ya namna hiyo, nikamwongeza kahawa bila kuulizwa.

REDIO: Baba yako alipanda ekari themanini, wewe unaringia miche arobaini?

KAMBA: Ya baba yalishachanganyika. Miaka yote hii chavua ya majirani inapeperuka, inaingia. Dokta akasema atatoa yaliyo safi kwa msimu mmoja badala ya miaka saba. Akayafanya ya baba kuwa mama, akayapandishia dume moja la ajabu. Dume hilo likipanda, punje inatunga kama kawaida, ila nyingine, kwenye kiini, dume halimo. Kuna mama mtupu.

SHEMASI: Mama bila baba? Hilo lilitokea mara moja tu, Arlo, na halikuwa hindi.

KAMBA: Subiri. Dume lina rangi ya zambarau. Punje ikiwa zambarau juu na kiini chake zambarau, hiyo ina baba. Ikiwa zambarau juu lakini kiini cheupe, hiyo ni ya mama peke yake. Alizichambua moja moja, na bado akasema chache zitampita.

REDIO: Ndio maana wahenga wakasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

MIMI: Redio, hiyo inaingiaje hapo?

REDIO: Inaingia! Haya yamefunzwa na mama tu. Ulimwengu umeyakosa.

Kamba akaendelea kana kwamba Redio ni inzi. Alisema kila hindi lina vitabu viwili vya urithi, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Haya yana kimoja, kwa hiyo hayazai. Dokta akayaloweka mizizi kwenye dawa, ili kitabu kile kimoja kinakiliwe, viwe viwili vilivyo sawa. Likizaa baada ya hapo, watoto wake hawabadiliki tena.

REDIO: Dawa gani?

KAMBA: Wanaipata kwenye ua fulani. Hospitali wanawapa wenye jongo.

REDIO: Ala! Si ndiyo ninayomeza mimi kwa kidole gumba cha mguu! Miaka sita! Kwa hiyo na mimi nimezidishwa mara mbili?

SHEMASI: Tazama tumbo, jibu unalo.

REDIO: Cheka tu. Leo mahindi, kesho ng'ombe. Madume yote yatafukuzwa kazi. Keshokutwa wanatufikia sisi, wanawake watakuwa wanazaa mabinti kwa kuloweka miguu, na sisi tutabaki kukata majani.

MIMI: Mbona kwangu ndivyo ilivyo tayari?

SHEMASI: Hamsomi Maandiko nyie. Adamu alikuwa peke yake. Mungu akachukua ubavu, kitabu kimoja. Akamlaza usingizi mzito, hiyo ndiyo dawa. Akaamka kuna wawili. Dokta kachelewa tu.

REDIO: Basi Hawa alikuwa ni Adamu aliyenakiliwa? Ndio maana wote walikula tunda. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Hakuna aliyejua mgema alikuwa anafanya nini bustani ya Edeni. Lakini mimi kitu kilikuwa kinanisumbua, nikauliza.

MIMI: Likiwa na kitabu kimoja, linakuaje? Linakuwa hindi zima kweli?

REDIO: Hilo najua, nilikaa na Dokta kwenye chakula cha kanisani. Linatoka fupi, limepauka, majani membamba, utadhani lina minyoo. Hata baada ya dawa linabaki limesinyaa vilevile, watoto wake ndio watakaosimama. Ukiona refu la kupendeza, hilo lilimpita kwenye kuchambua. Lina baba. Hilo ndilo la kung'oa.

Kamba aliweka kikombe chini.

KAMBA: Rudia.

REDIO: Refu ndilo la uongo.

KAMBA: Aliniachia karatasi. Imeandikwa, ng'oa ya uongo. Haikusema ya uongo yakoje. Nani hapa asiyejua ya uongo yakoje? Baba alinitembeza kwenye mistari nikiwa na miaka saba. Kilichodumaa, ng'oa. Kilichopauka, ng'oa.

SHEMASI: Arlo. Uling'oa?

KAMBA: Jana jioni. Mgeni anakuja, niliona aibu. Nimemsafishia shamba. Yamebaki manane, yamesimama kama askari.

Lori likapita mzanini, sikuliandika. Redio akajaribu, maskini. Alisema labda marefu yamejificha, ndani ni mafupi. Shemasi akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, akaona mwenyewe kuwa halifai, akaitazama kofia yake. Mimi roho iliniuma. Mtu kamaliza mahindi ya baba yake kwa kumtii baba yake.

Hapo gari la Dokta likaingia. Akashuka na aproni yake, mifuko ya karatasi ya kufunikia mbelewele imejaa kifuani, anatabasamu.

DOKTA: Habari za asubuhi, wazee. Mifupi imeanza kutoa chavua?

Kamba akasimama, akavua kofia, akamwambia yote bila kupunguza. Dokta akakaa pale alipotoka Kamba. Hakulia wala hakufoka. Alikaa akiitazama mifuko yake kana kwamba ameletewa ya mtu mwingine.

DOKTA: Uling'oa jioni, saa ngapi?

KAMBA: Jua linazama.

DOKTA: Na miche mingine ilikuwa midogo sana, imefika magotini tu, imefunikwa na mirefu.

KAMBA: Ndiyo.

DOKTA: Arlo, macho yako yakoje siku hizi?

Sisi tukatazama chini. Swali hilo halijibiki kwenye benchi letu. Mwezi ujao Kamba anakwenda kupimwa macho ili apewe tena leseni ya gari, na tangu theluji iyeyuke amemwapia kila mtu, hata mwanawe anayetaka kumhamishia mjini, kwamba anasoma saa ya mnara wa kanisa akiwa mlangoni kwake.

KAMBA: Mabaya. Mabaya sana, Dokta. Jioni sioni kitu. Ile ya magotini huenda mingine ilinipita.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za gari lake, akampa Redio atuendeshe hadi shambani.