Kuku Aliyemtaja Mageni

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Noela, niinue mgongo. Jilala, kaa hapo ninapokuona, maana mzigo wa leo ni wako na wangu.

Ng'ombe mnawajua, na mashamba ya hapa Mhunze mnayajua. Gawaneni bila kelele, mama yenu asiaibike. Zito ninalowaachia ni shangazi yenu Mageni.

Nilipoanza kukohoa damu, mimi niliyechimba dhahabu katika maduara, yale mashimo marefu ya Nyarugusu, miaka kumi na sita nikimeza vumbi la mawe, vumbi sikulikumbuka. Nilikwenda kwa mganga, akapasua kuku, akasoma mifupa yake, akasema anayenila ni mtu wa tumbo moja nami, mwenye macho mekundu. Macho ya dada yangu yaliharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, akinipikia mimi. Nami nilinyamaza, Jilala, wewe na wenzako mlipoiezua nyumba yake na kubomoa udongo, zikabaki nguzo. Akaenda Ushirombo bila kugeuka nyuma.

Sasa Noela, anayepima makohozi hospitalini, amenieleza kilichomo. Vumbi liliacha tundu pafuni, fangasi ikaota humo. Anasema kila seli ya fangasi hiyo ina kiunzi ndani, nyuzi na nguzo nyembamba kuliko unywele, ndizo zinazoibeba na kuisukuma irefuke mwilini mwangu. Nikamwambia, basi mwanangu, tafuteni dawa ya kuziangusha hizo nguzo. Akainama. Baba, akasema, seli zako nazo zina nguzo za namna hiyohiyo. Dawa ya kuangusha zake itaangusha na zako. Nililia, wala si kwa kuogopa kufa. Nilimlilia dada yangu, niliyemfukuza kwa kosa la kitu ambacho kuku wala mganga hawakukijua. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amenikuta kitandani.

Jilala, kesho nenda Ushirombo. Piga magoti, usijitetee. Kisha uezeke nyumba yake kwa mikono yako, kabla hujashika jembe la kaburi langu. Akikataa kurudi, msimlaumu.

Nilitaka kuwatemea mate ya baraka, kama baba alivyonitemea... Noela, kitambaa. Mnaona? Kinywani ni damu tupu. Siwezi kuwatemea damu, wanangu. Nendeni kwa Mageni... mwombeni awatemee yeye.