Mzee Koti na Kiti cha Chumba Namba Sita

Ko. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo kutoka mwaka wangu wa mwisho wa masomo: mguu wa kiti ukigonga sakafu ya saruji kila nilipovuta pumzi, kwa dakika arobaini, huku nikiwaeleza watu watatu kwa nini ninafaa kuwa mhandisi.

Mwenye kiti hicho anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kukitumikia kitivo chetu cha uhandisi kwa miaka thelathini na mmoja. Cheo chake ni Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo. Wanafunzi wanamwita Mzee Koti, naye anaitika. Nilikuwa mwanafunzi wake, na kwa miaka minne nimekuwa msaidizi wake. Jarida hili ni la wafanyakazi, kwa hiyo naweza kueleza habari za kiti bila kuvujisha siri. Wanafunzi hawalisomi, na nina sababu za kuamini kwamba hata wafanyakazi wengi huishia kwenye picha.

Alianza kama fundi wa karakana. Alihamishiwa ofisini pale waajiri walipolalamika kwamba wahitimu wetu wanajua kukokotoa boriti lakini hawajui kumsalimia fundi anayeijenga. Barua ya uhamisho ilikuwa na mstari mmoja wa maelezo: awaandae vijana kwa kazi. Awaandae vipi, hakuna aliyemwambia. Alikabidhiwa Chumba Namba Sita, meza, feni isiyozunguka na viti vinne, kimoja kikiwa kimekatika ncha ya mguu wa nyuma.

Jina lake lilitokana na koti lake la kijivu la vifungo viwili. Mwanafunzi mmoja alikuwa anakwenda kwenye usaili na shati lililochanika begani, Mzee akavua koti akamvisha, na tangu siku hiyo halikurudi mwilini mwake. Lilitundikwa nyuma ya mlango, pembeni yake daftari la kuliazima. Walilivaa warefu likawa kizibao, wakalivaa wafupi likawa kanzu. Siku moja meneja wa kampuni ya ujenzi alimpigia simu. "Mzee wangu," alisema, "hili koti nimelisaili mara tano sasa. Mara nne limenijibu ovyo. Niletee lile la mara ya tatu." Mzee alifungua daftari, akampata kijana wa mara ya tatu, na kijana akaajiriwa. Alirudisha koti likiwa limepigwa pasi, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla wala baada yake.

Kila Ijumaa aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu somo lisilokuwa kwenye mtaala, yaani kusema sijui. Aliamini kwamba mhandisi kijana mwenye jibu la kila kitu ni hatari kuliko winchi yenye kamba iliyochakaa. Darasa zima lilisimama na kutamka kwa sauti moja: "Sijui. Nitaangalia, kesho nitakuletea jibu." Ijumaa ya kwanza, mlinzi wa getini alisikia sauti za watu themanini na kukimbia kutoa taarifa ya mgomo. Mkuu wa kitivo alifika na manaibu wawili, akauliza vijana wanadai nini. Vijana, ambao walikuwa katikati ya zoezi, walimjibu: "Sijui. Nitaangalia, kesho nitakuletea jibu." Aliondoka akasubiri kesho. Muhtasari wa kikao cha dharura bado upo kwenye faili.

Sasa kiti. Wiki yake ya kwanza ofisini, Mzee Koti alijaza fomu ya kuomba kitengenezwe. Ikarudi ikitaka sahihi ya pili. Ikaenda na sahihi, ikarudi ikitaka namba ya kiti. Namba ilikuwa imebandikwa kwenye kile kipande cha mguu kilichokatika. Kipande kilikuwa kwa mtunza stoo, ambaye hakuweza kukitoa mpaka atajiwe namba.

Angeweza kukitengeneza mwenyewe kwa dakika kumi. Lakini wakati akisubiri, aliwafanyia wanafunzi watatu usaili wa majaribio, wakakalia kiti hicho kwa sababu vile vitatu vizima vilikaliwa na jopo. Wote watatu waliyumba tangu salamu hadi kwaheri, na hakuna aliyesema neno. Mzee hakula chakula cha mchana siku hiyo. Akaiacha fomu iendelee na safari zake, na kiti kikawa mtihani.

Mtihani wenyewe haukutangazwa kamwe. Mwanafunzi aliingia, akakaribishwa kukaa, akaulizwa maswali ya kawaida. Kilichopimwa ni kama atainuka, akigeuze kiti na kukiangalia, au angalau aulize. Kwa miaka yote aliyokaa ofisini, kati ya wanafunzi zaidi ya elfu nne, waliofaulu ni kumi na tisa. Ninazo takwimu. Mmoja wa walioshindwa alikalia paja la kulia muda wote, akatoka ameshikwa na ganzi na kubebwa na wenzake. Mwingine alieleza kwa ufasaha, kwa dakika kumi na mbili, jinsi jengo linavyoweza kutitia upande mmoja, akitikisa kichwa kukubaliana na kila ko. Yupo aliyekiomba kiti samahani.

Kati ya wale kumi na tisa, kijana mmoja alikunja nakala ya wasifu wake mara nne na kuisukuma chini ya mguu. Mama mmoja mkandarasi, mgeni wetu wa kudumu kwenye jopo, alisema huo ndio wasifu wa kwanza kuuona ukipata kazi kabla ya mwenyewe. Binti mwingine aliuliza, "Samahani, baba, hiki kiti kimeripotiwa?" Mzee akafungua droo akamwonyesha nakala ya fomu. Binti akaisoma yote, akauliza nani anaifuatilia. Mama mkandarasi akamwajiri papo hapo, hakusubiri hata aulizwe udhaifu wake ni nini.

Kwenye fomu yangu ya usaili Mzee aliandika maneno mawili: "Mvumilivu sana." Nilimpigia simu mama yangu, akawapigia shangazi zangu wote. Miaka miwili baadaye, nilipoanza kazi hapa na kukabidhiwa makabati ya fomu hizo, nilikuta maneno hayo hayo kwenye fomu elfu mbili mia tano na kitu. Nilimuuliza. Hakuona haya hata kidogo. "Jengo likianza kutikisika, binti yangu," alisema, "hatutafuti mtu wa kulizoea."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kitivo hiki nikilisikia.

Wiki mbili zilizopita, mafundi wawili wa idara ya matengenezo walibisha hodi. Mkononi walikuwa na fomu. Ilikuwa ile ile, imegeuka rangi ya chai, ina mwandiko wa Mzee wa ujana na mihuri kumi na minne. Ilikuwa imeidhinishwa. Mtunza stoo mpya, ambaye hakuambiwa kwamba haiwezekani, alikuwa ametoa kipande. "Pole kwa kuchelewa, Mzee," alisema fundi seremala. "Ulikuwa kwenye foleni."

Walimaliza kwa dakika tisa, kwa gundi, skrubu na msasa. Mzee, ambaye ametufundisha sote kutotia sahihi kazi tusiyoikagua na kutoikataa kazi isiyo na kasoro, alikikagua kiti. Hakikuwa na kasoro. Akatia sahihi. Kisha akakaa, akaegemea kushoto, akaegemea kulia. Kimya. "Wamefanya kazi nzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Usaili wa mwaka huu unaanza tarehe 3 Julai, na kuna wanafunzi mia mbili na kumi na wawili ambao baada ya hapo watapewa madaraja, lifti na mitambo ya watu wengine. Chumba Namba Sita nimeachiwa mimi. Mkuu wa kitivo amependekeza kwamba, kwa kuwa kiti sasa ni kizima, tutumie dodoso la maswali ishirini. Swali la saba linauliza: Je, ukiona hitilafu utaripoti? Katika majaribio, wanafunzi wote walijibu ndiyo. Walijibu wakiwa wamekaa chini ya feni ile ile isiyozunguka.

Tunamshukuru mke wa Mzee, aliyetuazima mume wake kwa muda huu wote. Anasema nyumbani kwake viti vyote ni vizima na kwamba kazi ya kuyumbisha watu alikuwa akiifanyia huku kwetu. Mzee wetu, tunakuombea afya, usingizi wa mchana, wajukuu wanaouliza maswali, na siku zilizokaa sawa kwa miguu yote minne. Koti lako litabaki nyuma ya mlango.

Kuhusu kiti, usiwe na wasiwasi. Jana, baada ya chai ya saa nne, niliingia Chumba Namba Sita nikafanya nilichopaswa kukifanya miaka sita iliyopita: nilikigeuza juu chini, nikakiangalia. Kisha nikaazima msumeno karakana na kukata sentimita moja na nusu ya mguu wa nyuma wa kushoto. Kipande, chenye namba, nimemkabidhi mtunza stoo. Fomu ya matengenezo nimeshaijaza na kuiwasilisha.