Dada Lavina Sprenkel, Aliyepika Karamu Hamsini Asiketi Mezani

Wasifu wa marehemu, unaosomwa makaburini kando ya kanisa leo Ijumaa, tarehe 6 Novemba 1914, na Amosi Wolgamut, shemasi, mtoto wa kaka yake.

Ndugu na dada, marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1844 katika shamba la baba yake, Mzee Jakobo Wolgamut, maili moja kutoka hapa tulipo, wilaya ya Washington, jimbo la Maryland. Walizaliwa wawili tu, yeye na baba yangu Hezekia. Kanisa hili lilijengwa yeye akiwa na miaka tisa. Babu alitoa kiwanja na Ndugu wakafyatua matofali wenyewe. Halikuwekwa mnara wala kengele, maana sisi wa kanisa la Ndugu hatuna desturi ya kujionyesha. Shangazi alikuwa akisema kwamba siku ile yeye alibeba matofali mawili mawili na baba yangu moja moja, na jioni baba yangu ndiye aliyelalamika mgongo.

Alisoma majira matatu ya baridi katika shule ya magogo karibu na kinu cha kusagia nafaka. Alibatizwa kijitoni Jumapili, tarehe 9 Juni 1861, akazamishwa mara tatu kifudifudi kama ilivyo kwetu. Vita vya Kaskazini na Kusini vilikuwa na miezi miwili. Vijana wa Ndugu hawakwenda, kwa kuwa hatubebi silaha. Vita vikaja vyenyewe.

Jumatano, tarehe 17 Septemba 1862, majeshi mawili yalipigana tangu alfajiri katika shamba la mahindi lililo mbele ya kanisa. Familia ilikuwa imejificha kwa jirani ng'ambo ya kilima. Maelfu walianguka siku hiyo moja. Maofisa wengine, kwa kutoona mnara, walidhani jengo hili ni shule. Miaka mingi baadaye mgeni mmoja aliyekuja kutazama alimweleza Shangazi jambo hilo, naye akamjibu, "Kumbe wangejua ni kanisa wangepiga mizinga kwa adabu?" Yule mgeni akauliza mashimo ya risasi yako wapi. "Tumeyaziba, bwana. Ulitaka tusali na upepo?"

Familia ilirudi Ijumaa. Kanisa lilikuwa limefanywa hospitali, na majeruhi wamelazwa juu ya mabenchi na chini ya mabenchi. Visima vya karibu vilikuwa vimekauka kwa sababu ya wingi wa watu na farasi. Babu alimpa Shangazi ndoo moja ya maji ya chemchemi, aliyoibeba mwenyewe kwa miguu kutoka nyumbani, akamwambia aende akasaidie. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Sasa nitaeleza jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu. Aliingia akamwona askari mmoja karibu na jiko la kupashia kanisa joto. Hakuwa na koti, kwa hiyo hatujui alikuwa wa upande gani. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope na damu. Shangazi aliwahi kuona watu wakipiga magoti mbele ya watu katika nyumba hii kwa jambo moja tu, nalo ni kutawadhana miguu kabla ya mlo wa Karamu ya Upendo. Akafungua kabati akatoa beseni na taulo la karamu, akamimina maji yote, akamvua yule kijana viatu, akamwosha mguu wa kulia na kumkausha, halafu wa kushoto. Kijana alikuwa akimtazama tu. Alikata roho kabla taulo halijakunjwa. Daktari aliyekuwa benchi la pili akamwambia, "Binti, huyo alikuwa na kiu tangu jana. Hayo maji angekunywa."

Basi. Hakuna aliyemlaumu. Babu alimwambia alifanya kile alichofundishwa. Shangazi akasema, "Nilifundishwa kuosha. Kuuliza ningeweza kuuliza mwenyewe."

Kanisa lilitengenezwa, mbao za sakafu zikageuzwa juu chini kwa sababu madoa hayakutoka, na karamu ya kwanza baada ya vita ikafanyika mwaka 1864. Mnajua utaratibu wetu. Kabla ya karamu, mashemasi wawili hupita nyumba kwa nyumba na kumuuliza kila mshirika kama bado yumo katika imani, na kama yuko katika amani na watu wote. Asiye na amani haketi mezani mpaka apatane. Shangazi aliulizwa, akajibu, "Imani, ndiyo. Amani na Ndugu, ndiyo. Na yule mmoja, bado."

Jibu hilo alilitoa kila vuli mpaka mwaka jana. Ni mara hamsini. Wazee walikaa naye, wakamfungulia Maandiko, wakamwambia hana dhambi ya kumzuia. Akawashukuru, akawapa mkate wa tufaha, asiketi. Akaingia jikoni. Ile nyama ya ng'ombe na mchuzi wake wa kuchovya mkate, ambayo ninyi nyote mmekua mkiila katika karamu, aliipika yeye, na wakati tukiimba alikuwa amesimama nyuma ya mlango na mwiko. Tukitoka alikuwa akitukagua ndevu. "Shemasi mzima, mchuzi mpaka kidevuni! Busu takatifu umelitoa hivyo hivyo? Pole yao."

Aliolewa na Ndugu Ezra Sprenkel, mchoma chokaa, tarehe 14 Novemba 1867. Walijaliwa watoto watatu. Mmoja, Noa, alifariki akiwa na miezi minane. Ndugu Ezra alitangulia mwaka 1899. Shangazi ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kanisa kwa miaka thelathini na mmoja, na alikuwa akipiga deki sakafu ile kila Jumamosi, akianzia karibu na jiko.

Mimi nilichaguliwa shemasi mwaka 1903, na tangu hapo nimekuwa nikimuuliza mimi. Mara ya kwanza nilimwambia, "Shangazi, yule mtu amekufa. Utapatana naye vipi?" Akasema, "Ndiyo maana nasema bado, wewe Amosi. Angekuwa hai ningekwisha kwenda kwake." Sikujaribu tena kumshawishi.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi wa Julai mwaka huu. Alihamia kwa binti yake Malinda, chumba cha mbele. Alhamisi, tarehe 24 Septemba, mimi na Ndugu Daniel Funk tulikuwa katika mzunguko wetu. Tulipofika kwenye lango la Malinda, Ndugu Daniel akauliza, "Tuingie?" Nikamjibu, "Tumwache mzee apumzike. Jibu lake tunalijua." Tukapita. Katika baraza la kanisa nilitoa taarifa kwamba Dada Lavina yuko vilevile. Karamu ilifanyika tarehe 17 Oktoba. Nyama ilipikwa na wengine, na ilikuwa na chumvi nyingi.

Nilimtembelea mara mbili baada ya hapo. Tulizungumza habari za viazi na za paa la zizi langu. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa amekaa.

Jana, tulipokuwa tukilitandika jeneza shuka, Malinda alinieleza. Alhamisi ile Shangazi aliomba kofia yake nyeupe na shali nyeusi, akataka kiti kiwekwe dirishani. Alisema, "Leo wanakuja mashemasi, na mwaka huu nina la kuwaambia." Malinda akamwuliza, "La namna gani, mama?" Akasema, "Si wewe unayeuliza. Anauliza shemasi." Akatuona langoni. Akatuona tukiondoka. Alikaa na shali yake mpaka jua likazama, ndipo akaomba avuliwe.

Nimemwuliza Malinda kwa nini hakuniambia nilipokwenda. Amesema mama yake alimkataza. "Amosi akija kama mtoto wa kaka, mpe kahawa. Akija kama shemasi, nitamjibu."

Watu wananishika mkono na kuniambia nijikaze. Sina cha kukaza. Tangu jana nakula, nalala, nimechimba kaburi hili pamoja nanyi, na sihisi mikono yangu. Najua nilikosea, na nalisema hapa mbele ya kanisa, kwa maana ndivyo tunavyofanya.

Marehemu ameacha watoto wawili, Malinda na Simeoni, wajukuu saba, vitukuu wawili, na mimi.

Kwa desturi mwishoni mwa wasifu msomaji hutamka kwamba marehemu yuko katika amani. Mimi ndiye niliyetumwa kumuuliza, na sikumuuliza, kwa hiyo sina la kutamka. Namwomba Mungu ampe amani hiyo bila kumuuliza.