Kilian Hyera na Nyumba Namba Saba

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, nanyi mliopanda kutoka Lipingo na jeneza, mimi ni Joakim, mdogo wake marehemu, na kazi hii ya kusoma ningependa apewe mtu mwingine.

Marehemu Kilian Hyera alizaliwa Litembo tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa mzee Nazari na mama Kunigunda, akasoma shule ya msingi hapohapo Litembo, na tarehe 1 Juni 1970 akaajiriwa na chama cha ushirika hapa Mbinga kupima kahawa, kazi aliyoifanya miaka ishirini na mitano bila kumpunja mkulima hata kilo moja. Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na Benadetha wa Lipingo, wakajaliwa Aurelia na Michael, waliozaliwa na kukulia katika nyumba namba saba ya chama, hii mnayoiona nyuma yangu.

Mwaka 1995, wanunuzi binafsi walipoingia na chama kikaanza kuyumba, nyumba zake zilitangazwa kuuzwa, aliyekuwa akiishi ndani akipewa nafasi ya kwanza, marehemu akaenda benki kuomba mkopo, benki ikataka hati, mthamini na wakili, wakili akapatikana Songea, naye akataka picha, saini ya mke na barua ya balozi wa nyumba kumi, na karatasi moja ilipopatikana nyingine ilikuwa imekwisha muda wake. Alikwenda Songea mara kumi na moja, na kila aliporudi alituambia imebaki saini moja tu.

Tarehe 9 Septemba 1996 mama yetu alifariki humu ndani, marehemu akamzika nyuma ya jiko, kwa kuwa sisi Wamatengo mtu wetu tunamzika nyumbani, na kwake yeye hapa palikuwa nyumbani tayari. Sote tulichimba, na hakuna aliyemwambia asubiri, mimi nikiwemo. Siku kumi na sita baadaye mthamini akafika, akaandika kaburi kwenye fomu, na benki ikajibu kwamba haipokei dhamana yenye kaburi, mpaka mwili uhamishwe kwa kibali. Wakili aliandaa maombi ya kibali, ikabaki saini ya marehemu, na hiyo ndiyo aliyokataa kuitia.

Februari 1997 nyumba iliuzwa kwa Bwana Victor, mnunuzi wa kahawa, marehemu akahamia Lipingo ukweni kulima muhogo, na kila tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, alipanda Mbinga, akabisha geti, akaomba kwa upole apalilie kaburi la mama yake. Januari mwaka huu wa 2000 alipooza upande wa kulia, na tarehe 14 Mei akafariki, akiomba alazwe karibu na mama, nasi tukaitikia huku tukijua hatuna pa kumlaza.

Juzi tulikwenda kumwangukia Bwana Victor, akashangaa, akasema pale si pake, kwani benki yake nayo ilipolikataa kaburi alimwita mpima ardhi, akaikata kona ile, hatua sita kwa nne, akaiacha nje ya hati, kazi ya asubuhi moja. Kaka yangu hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba inawezekana, na hilo, ndugu zangu, linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Lipingo, wapimaji wenzake wa zamani, na Bwana Victor aliyetufungulia geti.

Kaka, tumeipima kona, inawatosha wewe na mama. Pumzika kwa amani, hapa hakuna tena atakayekudai saini.