Gyalson Yakob, Aliyeogopa Kujua Kabla ya Wakati

"Neno mwoga haliandikwi!" alisema Marta, mama wa marehemu. "Ama-le, mwanangu yuko ndani ya jeneza chumba cha pili, na wewe unaanza wasifu wake kwa kusema alikuwa mwoga?"

"Alikuwa mwoga," nilisema mimi, mama mkwe wake, mzaa baba wa marehemu. "Tena mwoga wa kupigiwa mfano. Chorol, andika."

Chorol, dada mdogo wa marehemu, ndiye aliyeshika kalamu, maana mimi sikusoma. Nilimwambia aandike yote yatakayosemwa, ugomvi nao asiuache, kwa sababu katika kanisa letu la Leh, mji wetu huku milimani, maisha ya mtu husomwa mbele ya jeneza lake, na mbele ya jeneza hakuna anayedanganya. Hata mimi.

Marehemu Gyalson Yakob alizaliwa kijijini kwetu Khalatse tarehe 9 Februari 1981, mtoto wa kwanza wa Marta na wa mwanangu, hayati Yakob. Baridi ya mwaka ule ilikuwa baridi kweli. Moshi uliganda juu ya paa, ikabidi nipande na shoka niupasue ndipo jiko liwake.

"Ama-le!"

"Nini tena?"

"Moshi umeganda wapi? Moshi huo ukisomwa makaburini, tukifika kwenye yule mnyama nani atakuamini?"

Marta alisema kweli. Katika dunia nzima mimi peke yangu ndiye ninayejua, katika kazi ya marehemu, mnyama yupi alikuwa wa kweli, na Khalatse nzima inajua mimi ni mwongo. Nikamwambia Chorol aufute moshi. Akasema wino haufutiki. Basi ubaki, lakini watu wajue hakukuwa na moshi wowote ulioganda. Ilikuwa baridi tu.

Marehemu alianza masomo katika shule ya kanisa mjini Leh mwaka 1987, akaendelea Jammu, kisha Pune, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 2010. Lakini shule yake ya kwanza ilikuwa mfereji wa shamba letu. Siku moja, akiwa mdogo hata viatu hajui kufunga, nilimkuta amesimama ukingoni analia. Maji yalikuwa maangavu hata hayaonekani, na kokoto za chini zilikuwa zikirefuka na kupinda.

"Abi-le, bibi, kuna maji au hakuna?"

"Tia mguu ujue."

"Naogopa."

"Sasa mbona kokoto zimepinda, kama hakuna kitu?"

Alizitazama mpaka mchana, na mguu hakutia.

Alifanya kazi Pune, na mara nyingi Hanle, kwenye kituo cha darubini huko juu ambako hewa ni haba hata mbwa hubweka kwa kupumzika. Hilo ni kweli, aulizwe yeyote aliyefika. Kazi yake nitaisema kama alivyonieleza jikoni, mimi nikimenya vitunguu. Galaksi ni mji wa nyota. Wataalamu walipoipima waliona inazunguka kwa kasi mno. Nyota zake peke yake zisingeweza kuishikilia, ilipaswa iwe imetawanyika zamani. Wengi wakasema ndani yake kuna mzigo usioonekana, wanauita maada ya giza, na huo ndio unaoishika. Wachache wakasema hakuna mzigo wowote. Sheria ya mvutano ndiyo tuliyoiandika vibaya, na kule mbali inavuta kwa namna nyingine.

Marehemu alitaka kuzipima hoja zote mbili kwa mwanga. Mwanga unaotoka nyuma ya galaksi, ukipita kando yake, hupinda, na kwa kupinda kwake unajua mvutano wa pale una nguvu gani. Akachukua galaksi za aina mbili zenye nyota za uzito sawa, changa za buluu na kuukuu nyekundu. Ikiwa ni sheria tu iliyobadilika, zote zitaupinda mwanga sawasawa, maana sheria haijui nani kijana nani mzee. Zikitofautiana, kuna aliyeficha mzigo mkubwa kuliko mwenzake.

"Na wewe unataka ipi iwe kweli?" nilimwuliza.

Akaacha kunywa chai. "Hapo ndipo ninapoogopa, Abi-le. Kwamba ninataka."

Alikuwa na sababu. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichungulia jibu kabla hawajamaliza kupima. Tangu siku hiyo, kila namba iliyowapinga waliitafutia kosa, na kila namba iliyowapendeza waliiacha ipite. Kazi ilichapishwa, ikasifiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua walivyojidanganya, akaiondoa hadharani. Tangu hapo hakuogopa chui wala maporomoko ya theluji kama alivyoyaogopa macho yake mwenyewe.

Alifunga ndoa na Lhaskit, muuguzi, tarehe 12 Juni 2011 hapa Leh. Kwenda kumposa nako aliogopa. Alisimama nje ya lango lao jioni nyingi hata mbwa wao akamzoea, akawa anamsindikiza kurudi nyumbani. Mwishowe Lhaskit ndiye aliyefungua lango akamwambia, "Wewe, ama ingia, ama mwache mbwa wetu."

"Hiyo kweli," alisema Lhaskit, na mara ya kwanza tangu Alhamisi ya msiba nilimwona akicheka. Kisha alitoka chumbani.

Mwezi Julai 2023 marehemu alikuja Khalatse na Daktari Vaishali Kelkar, mwenzake wa Pune. Aprikoti zilikuwa zimeanikwa juu ya paa. Alikuja na vipimo vyao, mashine imevitoa katika mafungu matatu, moja la kweli na mawili ya uongo yaliyobuniwa makusudi, hata wao hawajui lipi ni lipi. Ndivyo wafanyavyo siku hizi watu wa kazi ile. Huyapima mafungu yote kwa bidii ile ile, na jibu hukaa kwa mtu wa nje mpaka watamke mbele ya watu kwamba hawabadilishi tena chochote. Mtu huyo alinichagua mimi, na kwa kuwa sijui herufi, mafungu yalipewa majina ya wanyama: chui, yaki na mbuzi wa majabali.

"Kwa nini Abi-le?" Vaishali alimwuliza. "Maprofesa wamekwisha?"

"Maprofesa wanaaminika. Profesa akiteleza ulimi, kazi yote imeharibika. Huyu akiteleza, nani atamsikiliza?"

Tulicheka sote. Kisha wakageukia ukutani, yeye, Vaishali na Marta, kama watoto wanaocheza kujificha. Mashine ikanionyesha mnyama mmoja, mara moja, ikajifuta. Wao walipogeuka mimi nilikuwa nimekwisha kuacha kucheka. Nilihisi nimepewa yai nilibebe mdomoni mpaka kufa.

Tangu siku ile sikusimulia hadithi tena. Watoto wa jirani walikuja na kuondoka, majirani wakasema nina ugonjwa. Niliogopa, nikianza tu kusema uongo, yule mnyama naye angepita humo humo bila mimi kujua.

Mwezi Oktoba mwaka huu moyo wa marehemu, uliokuwa na udhaifu tangu utotoni, ulivimba, akalazwa hospitali hapa Leh. Miguu ilijaa maji. Alilala akiwa ameketi. Nilimwona anaogopa, si ule woga wake wa mzaha. Alikuwa akishika mkono wa kila anayepita, hata wa mfagiaji. Jumatano tarehe 20 Novemba tulibaki wawili. Sikuweza kuvumilia.

"Mwanangu, nikuambie? Nikunong'oneze tu. Utajua, utatulia."

Aliziba masikio. Mikono ile iliyoshindwa kushika kikombe ilipanda yenyewe.

"Usiseme, Abi-le! Vaishali anakuja. Atanitazama usoni mara moja tu, na atajua. Nakuomba."

"Na asipowahi?"

"Basi atapima vizuri," alisema.

Alifariki Alhamisi tarehe 21 Novemba 2024, saa nne asubuhi. Mawingu yalifunga bonde, ndege za kutoka Delhi zikageuzwa, Vaishali hakufika. Marehemu alikwenda nyumbani kwa Mungu bila kujua jibu.

Hapo Marta aliinama akaanza kulia, na mimi nikamwambia maneno niliyoyaogopa toka alfajiri. Nina miaka themanini na minane. Usiku nikikohoa namfikiria yule mnyama kabla ya kujifikiria mimi. Nikifa, kazi yote ya mtoto yule inabaki mafungu matatu na hakuna wa kuyatenganisha. Nikisema sokoni watacheka. Mahali pekee nitakapoaminiwa ni kwenye karatasi hii.

"Basi sema," Marta alisema. "Na neno mwoga libaki. Libaki, mama. Nimeelewa."

Marehemu ameacha mjane wake Lhaskit, binti yake Ishay, mama yake Marta, dada yake Chorol, na bibi yake, ambaye zamu ya kufa ilikuwa yake. Tunamlaza Jumatatu katika bustani ya kanisa, kichwa kikielekea mashariki kama wenzake. Mungu, unayejua yote bila kuchungulia, mpokee, na umwondolee hofu.

"Tayari, Chorol?"

"Tayari, Abi-le."

"Andika kwa herufi kubwa. Mnyama aliyekuwa wa kweli ni..."

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Vaishali, theluji mabegani, begi bado mkononi, macho mekundu. Alitutazama sisi watatu, akaitazama kalamu ya Chorol iliyokuwa hewani.

"Julley, Abi-le," alinisalimu kwa lugha yetu. "Bado sijamaliza kupima."