Mzee Kiasi Gani Aikabidhi Gololi

Ijumaa hii, tarehe 29, saa tisa na nusu alasiri, Mkaguzi Mkuu wa Nyumba Mpya wa kampuni yetu ya ujenzi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja, miezi minne na siku sita kazini. Hesabu hiyo ameihakiki mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya taarifa hii ilisema "miaka thelathini na kitu". Ilirudi mezani imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni yake maneno mawili: Kiasi gani?

Maneno hayo mawili ndiyo jina lake. Jina alilopewa na wazazi limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko lilikobaki. Kwa mafundi, madereva, walinzi na wenye nyumba wote waliowahi kumsubiri amalize kukagua, yeye ni Mzee Kiasi Gani.

Aliajiriwa kama mtunza stoo. Mwaka wa tatu alikataa kupokea milango kumi na miwili kwa sababu mmoja wao ulikuwa mrefu kuliko wenzake. Muuzaji alimwambia kwamba hakuna mtu atakayegundua. Yeye akamjibu kwamba mtu mmoja ameshagundua, na anaongea naye. Wiki iliyofuata alihamishiwa Kitengo cha Ukaguzi, ambako tangu hapo amekagua nyumba 2,846. Zilizopita katika ukaguzi wa kwanza ni nne. Moja kati ya hizo nne aliirudia baadaye, akamwomba radhi mwenye nyumba.

Kazi yenyewe inajulikana. Nyumba ikishakwisha, kabla mwenyewe hajapewa funguo, mkaguzi anaingia. Anafungua kila koki, anabonyeza kila swichi, anafunga na kufungua kila dirisha, anapima kuta kwa timazi na pimamaji. Sisi wengine tukifika hapo tunahesabu tumemaliza. Mzee hapo ndipo alipokuwa anatoa gololi mfukoni. Ni gololi ya kioo, ya kijani, aliyoikuta chini ya sinki katika nyumba ya kwanza aliyoikagua. Huiweka katikati ya sakafu, anarudi hatua mbili, anakunja mikono, anangoja. Ikitulia, anaiokota na kuendelea. Ikibingirika, anaifuata polepole hadi ukutani, na nyuma yake anafuata fundi aliyejenga, kichwa chini, kama mtu anayesindikiza jeneza.

Ugomvi wake mkubwa haukuwa na fundi yeyote. Ulikuwa na neno moja: kidogo. Alilisikia kila siku. Ukuta umepinda kidogo. Bomba linavuja kidogo. Rangi bado kidogo. Kila alipolisikia aliuliza swali lake, na kila jibu aliliandika. Mwaka wake wa saba kazini alibandika kwenye mlango wa ofisi karatasi ambayo bado ipo, na ambayo wageni husimama kuisoma:

"Kidogo cha fundi rangi: siku nne. Kidogo cha fundi bomba: ndoo mbili. Kidogo cha seremala: kidole gumba kinapita. Kidogo cha mwashi: ng'ombe anapita. Kidogo cha fundi umeme: usiguse."

Tangu siku hiyo neno hilo lilipigwa marufuku ofisini. Mhudumu wetu wa chai alilazimika kuuliza watu wanataka sukari vijiko vingapi, na robo zikakubaliwa.

Mambo aliyoyagundua yangejaza jarida hili mwaka mzima. Tutaje mawili.

Katika nyumba namba 14 alikuta swichi ya ukutani isiyowasha kitu. Fundi umeme alisema hiyo ni ya akiba. Mzee hakuridhika. Akaibonyeza mara arobaini, akihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini na nane, bibi wa nyumba namba 15, aliyekuwa amehamia juzi yake, alitokea mlangoni na kanga begani na mwiko mkononi.

"Wanangu," akasema, "nyumba hii mmeniuzia na mtu ndani? Jikoni kwangu taa inanikonyeza."

Mzee alimwomba arudi jikoni akasimame chini ya taa, kisha akabonyeza mara mbili zilizobaki ili hesabu itimie. Kelele za bibi zilithibitisha mwelekeo wa waya. Fundi umeme alichimbua ukuta siku hiyo hiyo, na bibi yule hadi leo akimwona Mzee barabarani humkonyeza.

La pili ni la chumba cha kulala. Mzee huamini kwamba chumba cha kulala hakikaguliwi kwa kusimama, kwa sababu hakuna anayelala amesimama. Kwa hiyo hulala sakafuni, pale kitanda kitakapokaa, aone kama taa inamchoma macho. Siku moja, mwezi wa joto, taa haikumchoma, na usingizi ukampitia. Fundi wa vitasa akafika, akafunga kitasa kipya, akajaribu ufunguo, akaona unafanya kazi vizuri, akaondoka nao.

Mzee alipoamka hakupiga kelele wala hakuugonga mlango. Aliandika ripoti ya ukaguzi, akaipitisha chini ya mlango. Msimamizi wa saiti aliikuta jioni ukumbini, karatasi kumi na moja zilizobanwa pamoja. Kasoro ya kwanza ilisomeka: "Uwazi chini ya mlango ni mkubwa mno. Ushahidi: ripoti hii." Kasoro ya kumi na tisa, ya mwisho, ilisomeka: "Mkaguzi yumo ndani."

Kwa mafundi alikuwa mgumu, na wengi walimnunia. Aliyemnunia zaidi ni fundi vigae mmoja, mwanamke, ambaye miaka kumi na minane iliyopita alitandika vigae vya bafu moja akakataliwa mara tisa. Mara ya tisa alikaa juu ya ndoo yake akamwambia, "Mzee, wewe nyumbani kwako unaishi na nani? Maana mtu wa kawaida hawezi." Mzee akamjibu kwamba anaishi na mkewe, naye ni mtu wa kawaida, na kwamba kigae cha tatu kutoka dirishani kimezama. Kiasi gani? Unene wa ukucha. Mara ya kumi bafu lilipita. Mwaka uliofuata Mzee alimwomba ahamie Kitengo cha Ukaguzi, akisema kwamba mtu aliyetandika bafu moja mara kumi anazijua njia zote za kukosea. Kuanzia Jumatatu ijayo, yeye ndiye Mkaguzi Mkuu. Ofisini tunamwita Dada Vigae.

Hapo ndipo tunafika kwenye habari ya wiki hii, ambayo kila mtu ameshaisikia kwa namna yake. Namna hii ndiyo sahihi.

Mzee na mkewe wamekaa nyumba ya kampuni miaka yote hii, na kanuni inawataka waihame Ijumaa ya kustaafu, kabla ya saa sita mchana. Wamenunua nyumba katika mtaa wetu mpya, namba 31. Nyumba ilikamilika mwezi uliopita, isipokuwa sakafu ya sebule. Kwa sakafu hiyo Mzee hakumwamini mtu. Alichukua likizo ya siku tano akaitandika marumaru mwenyewe, kwa mikono yake, magoti yake na pimamaji yake.

Ikabaki kukaguliwa. Hakuna funguo bila saini ya mkaguzi, na kanuni ya saba inasema mkaguzi haruhusiwi kukagua nyumba yake, ya ndugu yake wala ya mkwe wake. Kanuni hiyo aliitunga Mzee. Jumanne asubuhi, basi, aliyeingia namba 31 na fomu mkononi alikuwa Dada Vigae. Mke wa Mzee alikuwepo, ameshafunga mizigo yote, hata sufuria za kupikia amezitia kwenye gunia, na gari la kuhamia limeshaahidiwa Ijumaa saa mbili. Mafundi tisa walikuwepo pia. Walipoulizwa wamefuata nini, walisema wamesahau mwiko.

Koki zilipita. Swichi zilipita, na hakuna jirani aliyelalamika. Bafu lilipita. Sebuleni Dada Vigae alinyoosha mkono, akasema, "Mzee wangu, naomba gololi."

Mzee alimpa. Ilikuwa mara ya kwanza gololi ile kuwekwa chini na mkono mwingine. Dada Vigae akarudi hatua mbili, akakunja mikono. Gololi ilitulia kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha ikaanza safari, ikapita mahali pa kochi, ikapita mlango wa ukumbi, ikaongeza mwendo, ikaenda kusimama kwenye kidole gumba cha mguu wa mke wa Mzee.

Ndipo Mzee akakohoa, akatazama dirishani, akasema, "Imeinama kidogo."

Mashahidi wote tisa wanakubaliana juu ya neno hilo. Mwashi mmoja alikaa chini. Fundi bomba alivua kofia.

"Kiasi gani, baba?" akauliza Dada Vigae.

Hakungoja jibu, akapima mwenyewe: milimita kumi na moja kutoka mlangoni hadi ukumbini. Akaandika kasoro namba moja, akachora mstari chini yake, hakutia saini. Mzee alisoma fomu, akasema imejazwa vizuri. Mke wake alisema mengine.

"Baba wewe," alisema, "miaka thelathini na moja nalala na pimamaji chini ya mto nikijua siku moja itanifaa. Ijumaa saa sita nitakuwa barabarani na gunia la sufuria. Na ukiniambia barabara imeinama, utaniona."

Mzee alianza kuzibomoa marumaru zake saa tano asubuhi ya siku hiyo hiyo. Kabla ya saa sita mwashi aliyekaa chini aliinuka, akaja na nyundo. Fundi rangi akachanganya saruji. Seremala, ambaye Mzee aliwahi kumrudishia kabati moja mara sita, alipiga magoti kushoto kwake, na kila dakika alimwinamia na kumuuliza kama hapo pako sawa, au bado kidogo. Walioona wanasema hajawahi kuonekana seremala mwenye furaha namna ile. Tatizo lenyewe lilijulikana saa nane. Pimamaji ya Mzee, ile anayotembea nayo tangu stoo, ilikuwa imepinda. Haijulikani tangu lini. Ofisi imeamua kutoulizia.

Jana, Alhamisi, saa kumi jioni, gololi iliwekwa tena. Ilitikisika. Ilifikiri. Mke wa Mzee alivuta mguu wake nyuma, kama tahadhari. Gololi ikatulia, na mafundi tisa wakapiga makofi mpaka walinzi wakaja. Dada Vigae alitia saini. Mzee aliisoma fomu mara mbili, akairudisha. Dada Vigae alikuwa hajaandika tarehe. Akaandika tarehe, na funguo zikatoka, zikaenda moja kwa moja kwa mke wake, ambaye amesema atafikiria kama atamchongea Mzee ufunguo wa pili.

Kisha Mzee akaiokota gololi, akaifuta kwa shati, akamkabidhi Dada Vigae. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba ina mkwaruzo upande mmoja, wa nusu milimita, na kwamba hauathiri kazi.

Mzee, asante kwa milango inayofunga, kwa mabomba yaliyonyamaza na kwa watu 2,846 waliokutukana wakisubiri na kukuombea dua walipohamia. Asante kwa mkeo kutuazima mume. Uishi vizuri namba 31, maji yako yaelekee kwenye shimo lake, na usingizi ukikupitia sakafuni, mlango uwe wazi. Leo ukumbini utaona saa ya ukutani nyuma ya meza kuu imekaa upande. Tumeitundika hivyo makusudi. Tafadhali vumilia hadi hotuba ziishe.

Bila wewe ofisi itapwaya kidogo. Kiasi gani, hatuwezi kusema. Futikamba ya kupimia umeondoka nayo.